Panya wa Sanduku Jeupe

Nyumbani walimwita Daktari wa Panya, na alishazoea, maana ni kweli alilipwa mshahara kwa kuwatisha panya na kuangalia wanachokumbuka. Lakini leo alikuwa kwenye benchi la korido ya kituo cha polisi, roho juu, na angependa zaidi kuwa na panya wake. Mdogo wake wa kike, muuzaji wa duka la dawa, alikaa mwisho kabisa wa benchi, mkoba kifuani, akikodolea macho mlango uliofungwa. Nyuma ya mlango ule wanaume walikuwa wakipangwa mstari, na mmoja wao alikuwa fundi wa friji.

“Piga ua, ni yeye,” mdogo mtu alisema. “Nikimkumbuka tu, mwili unakufa ganzi.”

Mwizi aliingia dukani mchana, uso kaufunga kitambaa, kisu mkononi, akaondoka na mauzo yote. Asubuhi ya siku hiyohiyo fundi alikuwa amekuja kutengeneza friji ya dawa, akatania kidogo, akaenda zake. Polisi walimkamata kwa neno la binti huyu tu. Akimnyooshea kidole leo, fundi kwisha habari yake. Mtu kama yule hana wakili, hana mjomba mkubwa wa kumpigia simu. Ataozea ndani.

Afande mwanamke alikuwa ameonya: hakuna kumwelekeza shahidi. Dada mtu akafyata mdomo, huku akifikiria alichokiona maabara wiki hiyo.

Aliwaweka panya kwenye sanduku jeupe, wakanusanusa, hawakupata baya lolote. Saa chache baadaye akawahamishia sanduku jeusi, na humo wakapigwa umeme kidogo miguuni. Alipowarudisha kwenye jeupe, waliganda kwa hofu. Kundi jingine, lililopumzishwa siku nyingi kati ya masanduku hayo mawili, liliingia jeupe bila wasiwasi. Sababu aliijua. Ndani ya hipokampasi, kile kipande cha ubongo kinachopokea mambo mapya, seli zikishajifunza jambo hubaki macho kwa saa kadhaa, nyepesi kushtuka. Jambo jingine likija kabla hazijatulia, seli zilezile hulidaka nalo. Basi mambo mawili yanalala kitanda kimoja, na hofu ya hili inamwagikia lile.

Panya wangeweza kusema piga ua, ni sanduku jeupe.

Alinyoosha mkono amguse mdogo wake begani. Binti aliruka, mkoba ukaanguka.

“Samahani, dada. Sijui nina nini.”

Ilikuwa hivyo tangu siku ya wizi. Dada mtu akibisha hodi, mlango haufunguliwi. Akikaa kwenye kochi, mwenzake anahama. Ilimuuma, tena sana, akadhani analaumiwa kwa jambo asilolijua. Sasa ndipo akakumbuka. Asubuhi ile na yeye alipita dukani.

“Siku ile, kabla ya mwizi, nani aliingia?”

“Fundi.”

“Na nani mwingine?”

Binti alikunja uso. “Wewe. Uliniletea mwavuli.”

“Mimi ndiye niliyekushikia kisu?”

“Dada, acha basi!”

“Nakuuliza, mdogo wangu. Mbona unaniogopa?”

Binti aliinama kuokota mkoba. Machozi yakamlengalenga.

Mlango ukafunguliwa. “Shahidi,” afande aliita, akawatazama kwa zamu, kama mwalimu aliyesikia mnong’ono. Binti akaingia. Mlango ukaachwa wazi kidogo.

Hapo ndipo hofu mpya ikamshika dada mtu. Je, kama fundi ndiye? Panya hawakumwambia lolote kuhusu hilo. Huenda dakika hii yeye mwenyewe anamfungulia mwizi mlango arudi na kisu chake.

“Umemtambua?” sauti ya afande.

Mtu alikohoa kwenye mstari.

“Fundi, yule mwenye shati la kijani, namwogopa,” binti alisema. “Namwogopa mpaka miguu inakataa. Lakini hata dada yangu namwogopa hivyohivyo. Uso sikuuona, afande. Siwezi kuapa.”

Alitoka amelowa jasho. Alisimama mbele ya benchi, asikae.

“Na kama ndiye?”

“Sijui,” dada mtu alijibu, na ilimchoma kukiri. Alinyanyua mkono, akakumbuka, akaushusha.

“Usinishike,” binti alisema. Akavuta pumzi, akasogea. “Ngoja nikushike mimi.”

Vidole vilikuwa vya baridi, vikitetemeka vyote, lakini havikuachia.