Ishirini na Nne za Kijito cha Kasheta

Kaka yangu Kaumba alikuwa na dole gumba bapa kama mwiko wa kusongea nshima. Kwenye kituo cha utafiti walimtania kwa hilo, naye akicheka. Halafu utani ukaingia kazini.

Kazi yake hapa Ikelenge ilikuwa kukamata kereng'ende madume, kutoa korodani zao, nyembamba kama uzi, kuziweka kwenye kipande cha kioo na kuzikandamiza kwa dole hilo mpaka seli zitandae. Kisha anainamia hadubini na kuhesabu kromosomu. Dume wa aina ile huwa na ishirini na tano: jozi kumi na mbili, na moja inayokaa peke yake, ile wanayoiita X. Jike ana X mbili, kwa hiyo ishirini na sita. Mimi nilikuwa nikiosha vioo na kuandika anachonitajia. Miaka tisa.

Vijito vingine vyote vilitoa ishirini na tano. Kasheta kilitoa ishirini na nne, kila mara.

"Unakandamiza mno, Kaumba," alisema Dokta Samahina, mhadhiri aliyesimamia utafiti. "Moja inaruka nje ya seli."

"Sasa Dokta, dole langu likifika Kasheta ndo linanenepa?"

Alicheka, yule mama, lakini hesabu hakuikubali.

Kaumba alifariki mwezi wa Machi, kwa figo. Aprili Dokta alikuja kufungasha vioo. Nilimsaidia mpaka nikamwona anabandika karatasi juu ya sanduku la vioo vya Kasheta: Vimeharibika.

"Dokta, hivyo haviendi na vingine?"

"Pole, dada yangu. Siwezi kuchapisha hesabu aliyoipata mtu mmoja."

"Basi nihesabu mimi. Kutayarisha najua, alinifundisha."

"Ukiniletea madume tena, wenzangu wataniambia dole ni la ukoo." Aliona uso wangu, akavuta kiti. "Nitafutie majike, Nyamukola. Kama Kaumba alikuwa anapoteza moja, majike watakuwa na ishirini na sita zao. Kama ile X imegandana na kromosomu nyingine, nao watapungua kwa mbili, maana X zao ni mbili, wabaki na ishirini na nne. Nipo hapa siku kumi."

Sikumwambia kilichonikaa moyoni. Kaumba hakuua jike hata mmoja. Jike akiingia wavuni aliufungua, akasema, "Pita mama, una kazi." Kwenye jalada la daftari lake aliandika sheria moja tu: majike waachiwe.

Siku ya pili nilimpata mmoja Kasheta, akigongagonga mkia juu ya maji, anataga. Nilimshika mbawa. Kichupa cha spiriti kilikuwa mkono wa pili, kimefunguliwa. Nilisimama hivyo, maji magotini, nikijua nikimtumbukiza nitaokoa hesabu ya kaka yangu, na nisipomtumbukiza itatupwa. Yeye hakuwa na habari na mimi. Aliendelea kukunja mkia, na yai moja likabaki kwenye kidole changu.

Nilifunga kichupa. Nilichota maji kwa kikombe cha chai, nikachovya ncha ya mkia wake, nikainua, nikachovya tena. Mayai yakashuka kama ulezi. Yalipotosha nikamwachia, akarudi palepale kugonga maji.

"Jike yuko wapi?" Dokta aliuliza.

"Kazini."

Nilimpa kikombe, akachungulia ndani. "Humu watatoka madume na majike kwa pamoja," alisema polepole. "Wote wakitoa ishirini na nne, kosa si dole. Hii ni bora kuliko nilichokuagiza."

Tulisubiri siku saba, mpaka vijusi vikaonekana ndani ya mayai. Nilivikandamiza mimi, kwa dole langu jembamba. Yeye alihesabu. Yai la kwanza, ishirini na nne. La pili, ishirini na nne. Nilikuwa naandika. Alihesabu mayai kumi na manne, yote yale yale, akaondoka kwenye hadubini.

"X imegandana kweli," alisema. "Pacha ya kromosomu iliyogandana nayo imebaki upande wa dume, inarithiwa na mtoto wa kiume tu. Vizazi vikipita itabadilika, mpaka isifanane tena na mwenzake. Kereng'ende wengine wameishi bila Y, kromosomu ya madume, tangu enzi na enzi. Hawa wa Kasheta wameanza kutengeneza ya kwao, na Kaumba aliiona."

Niliandika hesabu ya mwisho, naye akageukia sanduku la Kasheta.

"Nami nikamwambia dole lake ni baya."

Alivuta sanduku, akaikwangua ile karatasi kwa ukucha. Haikutoka yote. Chini yake palikuwa na mwandiko wa kaka yangu, wa kulala upande: Kasheta, madume, 24.

"Dole lilikuwa zuri," alisema.

"Pana," nikasema. "Lakini zuri."

Sanduku lilisafiri pamoja na mengine. Nilibaki na kikombe. Mayai yaliyosalia niliyarudisha kijitoni.