Vibarua wa Kilima cha Pugh

Gwilym Pugh alikuwa akipaka siagi mkate wake wa asubuhi pale wachimbaji walipopita dirishani, wamelowa hadi kiunoni, kila mmoja na kikapu cha udongo mgongoni. Nesta, mkewe, akaongeza maji kwenye birika.

"Wageni wako hao," alisema. "Ndio waliokijenga kilima."

"Si wamekufa miaka mia tisa iliyopita?"

"Basi watakuwa na kiu."

Kilima kilikuwa nyuma ya zizi. Mabwana wa Kinormani, wavamizi kutoka Ufaransa, waliwaswaga watu wa bonde lile la Wales wakakirundika kwa mikono, kisha juu yake wakasimamisha ngome ya magogo. Siku hizi kinalindwa na sheria. Hata kigingi cha uzio huruhusiwi kukipigilia. Lakini kila masika lango la zizi hugeuka tope, na Gwilym ana trekta. Mwaka hadi mwaka alikuwa akikimega kwa nyuma, kama mtu anayedokoa sufuria ya jirani, akajazia langoni. Leo mkaguzi wa mambo ya kale angekuja, pengo angeliona, na kwenye mnada wa mifugo wote wangemwita Gwilym Mla-Kilima hadi kaburini.

Wachimbaji walikuwa wakiuchota udongo langoni na kuurudisha pengoni. Kiongozi wao, mama mmoja aitwaye Hunydd, alikunywa chai kwa kusimama.

"Kikipungua tunachapwa," alieleza. "Safari hii bwana ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Gwilym.

"Sura ya ubwana huna. Ila hata yule wa kwanza hakuwa nayo."

Mkaguzi alifika alasiri, akakizunguka kilima akiwapisha wenye vikapu. Pengo lilikuwa limejaa, na majani yameshaota.

"Bwana Pugh, wote wangetunza hivi, mimi ningekosa kazi," alisema. "Na hawa?"

"Vibarua wangu," alijibu Gwilym. Masikio yalimwaka moto.

Gari la mkaguzi lilipoondoka, Hunydd alitua kikapu.

"Tumemaliza, bwana? Twende nyumbani?"

"Waambie waende, Gwil," Nesta alisema taratibu.

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilishamfika ulimini. Gwilym akaangalia ncha za buti zake.

"Kuna mtaro kule bondeni," alisema. "Umeziba tangu enzi za baba."

Hunydd hakunung'unika. Alipiga mluzi, na wenzake wakainua vikapu.