Ukurutu Uliokimbia Kupitia Keringet

Haya yote ni kweli tupu. Kukipatikana neno moja la uongo, Mzee Kipyegon aliapa, ataosha mitungi yote ya kituo cha maziwa cha Olenguruone kwa maji baridi.

Aliapa kwa sababu Micah, mpimaji wa maziwa, alikuwa ameusukuma kando mtungi wa Jepkemboi, mke wa Mzee.

"Mzee, Mama ako na ukurutu mikononi. Watu wanaogopa kuambukizwa."

"Ukurutu gani? Hiyo ilikuwa zamani! Mikono ilipasuka kama shamba la Januari, ng'ombe akiguswa anaruka ua. Nikamchemshia mizizi na mafuta ya kondoo. Ukurutu ukatoroka! Ulionekana ukipita mjini Keringet mbio, bila viatu. Siku hizi ng'ombe wa majirani wanapiga foleni wakamwe na yeye."

Watu wakacheka. Micah akaanza kuurudisha mtungi kwenye mizani.

"Mafuta ya kondoo?" Jepkemboi alikuwa amesimama nyuma yao. "Yale yaliniwasha wiki nzima!"

Akanyoosha mikono. Karibu na kidole gumba palikuwa pekundu. Mzee akatazama chini.

"Haujaisha," Jepkemboi alisema. "Unaenda, unarudi, hasa baridi ikikaza. Lakini hauambukizi. Nesi alinieleza, ni ngozi yangu tu haishiki unyevu. Nimeuzoea kama ng'ombe wa mateke: humalizi mateke, unajua tu pa kusimama. Naoga maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, napaka mafuta mazito kabla ngozi haijakauka. Sufu haigusi mwili wangu, nguo ya pamba inatangulia. Ukichachamaa, kuna dawa ya kupaka ya kliniki. Na ngozi ikipasuka sikami, huyu mzee ndiye hukama."

"Na una uhakika hauambukizi, Mama?" Micah akauliza.

"Nimelala na huyu mzee tangu ujana. Ako na ugonjwa mmoja tu, uongo, na huo alikuja nao kwetu."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwashtua punda. Micah akamimina maziwa, akapima. Kipyegon alimtazama mkewe, kifua kikimjaa: maishani mwake hajawahi kutunga kitu kikaushinda ukweli wa huyu mama.

"Mzee," Micah akasema, "ulisema mitungi yote?"

Jepkemboi akatoa glavu zake za mpira mfukoni, na za pamba za kuvaa ndani, akampa mumewe.

"Shika. Sabuni ya hapa ni kali."

Zilimfika nusu ya vidole. Mzee akainama juu ya mtungi wa kwanza.