Kizibo cha Mwisho

Ijumaa mchana wachimbaji wa dhahabu katika shamba la Masinde waliweka sururu chini, wakanawa mikono, wakauzunguka mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na vizibo vinne vya soda, kila kimoja na jina la mchimbaji. Shimo hilo, nje kidogo ya Iguhu, lilimeza mtu mmoja kila mwezi. Zamani lilijichagulia lenyewe, likawachukua hata mabwana harusi, ndipo wakaona kura ni haki zaidi. Kukimbia hakukusaidia. Mchimbaji mmoja, Kipkemboi, alikimbilia Lugari, na shamba la mahindi likafunguka chini ya kitanda chake.

Kilitoka kizibo cha Bramwel. Alimwachia jirani na mchimbaji mwenzake Philip simu, akateremka ngazi, na udongo ukajifunga juu yake taratibu kama uji unaopoa.

Kizibo hakikurudishwa mkebeni. Edah, mke wa Philip, alifundisha hisabati sekondari, na jioni hiyo, akisonga obusuma, alisema, "Baba Beverly, leo ilikuwa moja kwa nne. Mwezi ujao ni moja kwa tatu. Kila ukipona, unazidi kukaribia."

"Ndiyo kura hiyo," Philip akasema. "Niwekee mboga."

Bramwel akabisha hodi, akaingia. Waliomezwa walipitanga kwa majirani kabla giza halijashika. Akaketi, mchanga ukimdondoka masikioni, akamega tonge la ugali.

"Shemeji," Edah akamuuliza, "Masinde naye atatoka lini?"

"Huyo? Jina lake halijawahi kuingia mkebeni. Na shimo linamuulizianga yeye kila siku."

Jumapili, baada ya ibada, Edah alisimama akawaeleza watu kwamba jina la Masinde halimo mkebeni. Wakaitikia kwa vichwa. "Tunajua, mwalimu," mzee wa kanisa akasema. "Lakini shamba si ni lake?" Masinde, aliyeketi kiti cha mbele, alikubali kwamba ni kweli, akamuuliza Edah watoto wanaendeleaje.

Mwezi uliofuata akatoka Sylvanus. Mwingine akatoka Oduor. Philip alikuwa amepona mara tatu, jambo ambalo Edah alilikokotoa ubaoni mbele ya kidato cha tatu akapata robo, kisha akashindwa kuifuta hesabu hiyo. Njiani watu walimpongeza Philip. Ijumaa ya kura iliyofuata mkebe ulitikiswa kama kawaida, kizibo kimoja kikigonga bati peke yake. Edah alimfunga mumewe vifungo vya shati mpaka shingoni, na Philip akashuka.

Jioni Masinde alifika na mkebe uliooshwa, vizibo vipya na kalamu. Philip alikuwa kitini, udongo kwenye kope. Masinde akamsalimia. Kwa kuwa wanaume walikwisha, alieleza, wajane ndio wangechimba sasa.

"Pole sana, mwalimu. Edah ni kwa h mwishoni?"

"Ndiyo, kwa h." Akamtazama akiandika. "Na jina lako je?"

Masinde aliikwaruza kalamu kwenye kizibo kingine. "Wino umeisha."

Edah akampa kalamu yake. Masinde alishukuru, akaandika jina la Awinja, mjane wa Bramwel.