Macho ya Mackrine

Mackrine alifariki asubuhi, kwake Rugu. Kabla ya adhuhuri wazee walikuwa wameketi juu ya nyasi mpya zilizotandazwa sebuleni, karibu na maiti, wakitafuna punje za kahawa. Daktari alikaa mlangoni na kisanduku chake cha barafu. Marehemu alishakubali macho yake apewe Gloriose, mchuma kahawa wao aliyepofuka, lakini hospitali ilitaka neno la familia. Na macho hayangoji kesho.

Familia ilikuwa Mzee Rwegoshora, mkuu wa ukoo. Jovitus, mume wa marehemu, alitumwa kuongeza kuni.

"Tulimwoa na macho yake," alisema Rwegoshora. "Ng'ombe tulitoa."

"Shemeji, macho yale ni ya mama yetu," alijibu Elipidius, kaka wa marehemu. "Nyie tuliwaazima tu."

"Tena huyo Gloriose kwao Burundi. Macho ya ukoo yakatazame nini huko?"

Barafu ikawa inayeyuka. Mackrine alichoka kulala. Akainuka, akajifunga shuka vizuri.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Mpeni Gloriose."

"Marehemu haongei kikaoni. Lala, mama."

"Ulipopinduka na pikipiki pale Omurushaka nilikutolea damu. Mbona hukuuliza ukoo?"

"Ile ilikuwa dharura," alisema Rwegoshora. "Aliyeumia nilikuwa mimi."

Wazee wakaona jibu lina hekima. Mackrine akalala tena. Daktari akamwaga maji ya kisanduku kwenye migomba, akaaga. Ikaamuliwa marehemu azikwe na viungo vyake vyote, maana mwili wa mtu si nyama ya kugawana.

Mgomba uliochipua kaburini ulizaa mkungu wa macho, kila ndizi jicho lake, yote yanapepesa. Jovitus alimpigia daktari simu. Daktari akauliza kama ukoo umeridhia.

Ukoo ukakaa. Rwegoshora akaamua macho wagawane wazee, wayatundike kwenye mibuni, maana wezi wa kahawa wamezidi. Yeye akajitengea chane mbili.

"Si mlisema mwili haugawanywi?" aliuliza Jovitus.

"Kuni zimepungua, bwana," alijibiwa.

Kazi ya kuyapeleka nyumba kwa nyumba alipewa Gloriose. Aliubeba mkungu kichwani, macho yote yakitazama mbele, mwenyewe akipapasa njia kwa fimbo.