Furiten ya Kinjiro

Siku ile mjinga alikuwa Kinjiro, na tusimtafutie mwenzake. Wiki nzima alikuwa akimsomesha mkewe, Tamae, maneno ya mahjong, ule mchezo wa kete wa watu wanne, hata supu ya miso ikawa inapoa mezani.

"Furiten," alimwambia, "ni kusubiri kete ambayo wewe mwenyewe ulishaitupa. Ukiwa hivyo, huruhusiwi kushinda kwa kete anayotupa mwenzio. Umenisikia, mama Mio?"

"Nimesikia. Kula."

Jumamosi wakakaa meza moja kwenye klabu ya mtaa wao, Osaka. Timu ya kwenda mashindano ya Nagoya ilibakiza nafasi moja, na mwenye klabu, Bi Isuzu, aliyekuwa mchezaji wa tatu, alishasema: kati ya mume na mke, atakayemaliza mbele ndiye atakayekwenda. Kinjiro alikuwa ameshanunua kofia ya safari.

Mzunguko wa mwisho ulimkuta nyuma ya mkewe kidogo tu. Kete zake zikapangika vizuri mpaka vidole vikamwasha. Akabwaga kijiti chake cha pointi mezani: "Riichi!" Yaani imebaki kete moja tu nishinde, jihadharini.

"Haya, jogoo kawika," alisema Mzee Hatano, mchezaji wa nne.

Tamae akaichungulia safu ya kete alizotupa mumewe, kisha akatoa kete ya kutupa, yenye picha ya mianzi mitatu, akaiweka mezani taratibu, kama anayempa mtoto kipande cha keki.

"Ron!" Kinjiro aliruka hadi kiti kikaanguka. "Nimeshinda kwa kete yako! Nagoya hiyooo!"

Bi Isuzu akainama kutazama. "Ulikuwa unasubiri ipi?"

"Mianzi mitatu au mianzi sita. Yoyote kati ya hizo."

"Na hii je?" Kidole chake kikatua kwenye safu ya Kinjiro mwenyewe. Mianzi sita ilikuwa imelala pale tangu mwanzo.

"Hiyo ni sita! Mimi nimeshinda kwa tatu!"

"Ukishaitupa moja kati ya unazosubiri, zote zimekufunga. Furiten hiyo. Pointi zako zinakatwa."

Mzee Hatano alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Ngojeni kwanza!" Kinjiro alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Hapa nani anayejua maneno yote? Timu itakwendaje bila mtu wa kuyaeleza?"

Tamae alikuwa ameshaanza kukusanya kete. "Usijali, baba Mio. Mimi nitakaa kitini nicheze, wewe utasimama nyuma yangu uwaeleze watu kwa nini nimeshinda."