Sare ya Mama Vifungo

Mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama alisimama katikati ya chumba chetu cha cherehani, amevaa gaguro, amevuta tumbo ndani mpaka macho yamemtoka. Mama alimzungushia futi kiunoni, akaisoma kimoyomoyo.

"Weka kipimo kile kile cha mwaka jana," Mwenyekiti alisema huku kabana pumzi.

"Mama Mwenyekiti, gauni litakubana."

"Nimesema kile kile. Mimi sijanenepa."

Mama akachora chaki kwenye kitambaa kama alivyoambiwa.

Kila gauni la sare ya Umoja huo, la buluu lenye kola nyeupe, lililokaa benchi za mbele kanisani kwetu lilitoka mikononi mwa mama yangu. Walimwita Mama Vifungo. Yeye mwenyewe hakuwa nalo. Alinizaa bila ndoa, kanisa likamtenga, na tangu nikiwa tumboni hajagusa Meza ya Bwana. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, anatazama kazi ya mikono yake ikienda kushiriki bila yeye. Baba yangu hakutengwa na mtu. Alihamia mji mwingine, akafunga ndoa kwa shela na keki, na nasikia sasa ni mzee wa kanisa huko, anashughulikia nidhamu. Nidhamu! Nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu mpaka wateja wananishangaa.

"Halafu nina habari njema," Mwenyekiti alisema akijifunga sketi. "Mchungaji amekubali. Jumapili ya Akina Mama unarudi kundini. Utapiga magoti, mzee wa kanisa atasema, nawe utafuatisha. Kisha mimi mwenyewe nitakukabidhi sare. Kwa hiyo jishonee na yako, uniletee."

Mama aliketi.

"Atafuatisha maneno gani?" niliuliza.

"Ya toba, binti. Kwamba anajutia uzinzi wake, na anajutia kuzaa." Akanitazama juu mpaka chini, mimi ushahidi wenyewe, nimeshika mkasi. "Ni kawaida tu. Wote husema."

Wiki ile mama alishona sare yake. Sijawahi kumwona akijishonea kitambaa kipya. Nguo zake zote zilikuwa kuukuu zilizogeuzwa. Kola aliifumua akaishona upya, ingawa kasoro aliyoiona hakuna mwingine ambaye angeiona. Alikuwa anaimba. Nilizoea kuwadharau wale wa benchi za mbele, na dharau hiyo ilinikaa vizuri, lakini safari hii hasira zangu zilikuwa kwake.

"Kwa hiyo utapiga magoti mbele ya watu useme unanijutia?"

"Ni maneno tu, mwanangu."

"Basi yaseme hapa kwanza. Niko mbele yako. Fanya mazoezi."

Akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Uzi ulipokatika ndipo alipozungumza.

"Wewe hujui njaa ya ile Meza. Mimi naijua. Na nikifa nataka wenzangu waniimbie, nisizikwe kimyakimya kama mwizi."

Iliniuma kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Jumapili ikafika. Mchungaji, ambaye watoto wake wanaogeshwa na shangazi yao, alihubiri kwa kirefu kuhusu kujitoa kwa akina mama. Benchi za mbele zikafuta machozi kwa leso zilizopigwa pasi. Mwenyekiti alikaa wima kuliko wote. Waliomwona walidhani ni utakatifu, kumbe gauni halikumruhusu kuinama.

Mama akaitwa mbele. Akapiga magoti. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando yake na ile sare, imekunjwa mikononi.

"Mimi ni mwenye dhambi," mzee wa kanisa alisema.

"Mimi ni mwenye dhambi."

"Nilizini, na ninajuta."

"Nilizini, na ninajuta." Sauti yake ilikuwa wazi, tena ilikuwa na machozi, na machozi hayo hayakuwa ya maonyesho.

"Na mtoto niliyemzaa, ninajutia kuzaliwa kwake."

Mama hakufuatisha. Mzee alidhani hakusikia, akarudia kwa sauti ya juu kama anayeongea na kiziwi.

"Nimesikia, mzee," mama alisema. "La kwanza nimetubu, na ninatubu kweli. Hili siwezi. Siku aliyozaliwa nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Sasa leo nimwambie nilikuwa namtania?"

Mzee akamgeukia Mchungaji. Mchungaji akatazama saa.

"Bila hilo hakuna sare," Mwenyekiti alidakia, wala hakuna aliyemuuliza.

"Najua." Mama aliinuka taratibu, akanyoosha mkono. "Naomba nguo yangu."

Alirudi nayo njia nzima mpaka nyuma, watu wote wamegeuza shingo. Alipofika kwenye benchi letu akaniambia, "Sogea." Nilisogea. Nilikuwa nalia, wala sikujali nani ananiona.

Jumatatu asubuhi Mwenyekiti alikuja na mfuko. Gauni lake lilikuwa limepasuka toka kwapani mpaka nyonga.

"Limefumuka lenyewe," alisema. "Na kitambaa cha rangi hii kimeisha madukani. Jumapili napokea wageni. Yale ya jana ni ya kanisani, Mama Vifungo. Hii ni kazi."

Nilitaka kumtupa nje yeye na mfuko wake. Mama alichukua sare yake, ambayo haijavaliwa hata mara moja, akaitandaza mezani, akaikata ubavuni kipande kirefu.

"Mama!" nilipiga kelele.

"Vua, nikupime," alimwambia Mwenyekiti. Safari hii kipimo alikisoma kwa sauti, na fundi viatu anayekaa nje ya dirisha letu akainua kichwa. Mwenyekiti akanywea.

"Lakini na wewe," Mwenyekiti alinong'ona akiitazama ile sare iliyokatwa, "si ungesema tu? Sentensi moja!"

Mama alitoa pini mdomoni.

"Jumapili ukipiga magoti Mezani," alisema, "kumbuka upande huu ni mimi."

Kisha akanigeukia, akanipa ncha ya kitambaa.

"Nishikie hapa, mwanangu."

Nikashika.